Simu ya Mgeni na Wimbo wa Majina

Nyinyi vijana mnaorekodi nyumbani, nitawaambia habari hii nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi. Kazi nimekwisha kuiacha, macho yameanza kunikatalia, ordinatere, yaani kompyuta yangu, imelala mezani chini ya kitambaa chake, lakini miguu bado inanipeleka dirishani kutazama kama pano za jua zimepata mwanga. Inanirudisha mezani, inanipeleka tena. Mtaani kwetu hapa Kasongo wananiita Mama Sakina Hatulii, na wana haki. Umeme wetu unatoka juani, na jua lenyewe linakuja likipenda. Kurekodi sauti za watu kwa umeme wa namna hiyo hakumfundishi mtu kutulia.

Mara kwa mara mmoja wenu anabisha hodi kwangu na kusema, mama, sauti inakatika. Halafu ananitazama usoni. Inakatika vipi, mwanangu? Hajui. Inakatika tu. Basi mimi naanza kukasirika kabla hata ya kumkaribisha kiti, kwa sababu kukatika si ugonjwa mmoja, ni magonjwa mengi yanayovaa nguo za aina moja.

Ukisikia tap, tap, tap, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria, hiyo ni ordinatere inayoletewa sauti kwa haraka kuliko inavyoweza kuandika. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uiongezee akiba, yaani ile nafasi ndogo ambamo sauti inangojea zamu yake ya kuandikwa kwenye diski. Mwimbaji atalalamika kwamba anajisikia masikioni kwa kuchelewa. Mvue hizo ekutere za masikioni aimbe kama alivyozoea. Sauti ikififia na kurudi kila unapogusa waya, basi ni waya, usinisimulie habari za programu. Ikipotea na mvumo ukaingia mahali pake, nenda kwenye konvertisa, ile inayobadilisha umeme wa betri, uangalie imefungwa vipi na nani amechomeka pasi.

Lakini kuna kukatika kunakoniogopesha mpaka leo, na ni kule usikokusikia. Ordinatere inaruka kipande, inashona ncha mbili pamoja, na wimbo unaendelea vizuri kabisa, ila neno moja halimo. Hakuna kishindo, hakuna tap. Kaseti zetu za zamani zilikuwa na vurugu zao, zilikwaruza, zilijikunja, zilikula utepe wakati wa harusi ya watu, lakini zilipoharibu ulijua zimeharibu. Ordinatere inaharibu huku inakuchekea.

Aliyenifundisha kuutafuta ugonjwa huo ni marehemu mjomba wangu Ramazani, fundi wa radio, ambaye kibanda chake kilikuwa njia ya soko. Alikuwa na saa ya mezani ya kutia ufunguo, yenye tik-tak ya kuchosha masikio. Hakuamini chombo chochote cha kurekodi kabla ya kukiwekea saa ile mbele ya mikro. Anarekodi, anarudisha, anainamisha kichwa na kufumba macho, na tik moja ikikosekana anaijua. Nilimwuliza siku moja kwa nini hapimi kwa wimbo mzuri, nasi tupate kuburudika. Akanijibu: "Wimbo utakudanganya, sababu unaupenda. Hii saa, nani anaipenda?" Ukipenda kitu, sikio lako linajaza lenyewe mahali palipo pengo. Saa ile ninayo mpaka sasa, na wengi wenu mmeisikia mkadhani ni ya kutazama saa.

Na makosa, jamani, tuliyafanya. Ordinatere yangu ya kwanza ilipoingia nyumbani, mama yangu aliishonea kitambaa. Mnajua mambo ya sebule zetu: radio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata termosi ya chai ina kitambaa. Kitu cha maana hakikai uchi mbele ya wageni. Basi nikarekodi kasida za harusi na ordinatere imefunikwa vizuri, maua ya kudarizi yamening'inia mpaka kwenye matundu yake ya kupumulia, na sauti ikaanza kukatika. Nikabadilisha waya, nikawakemea waimbaji, nikazima na kuwasha. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amekaa karibu, akaweka kiganja juu ya kitambaa na kusema hii iko na homa. Ilikuwa inaungua kweli, na ordinatere yenye joto hujipunguzia kazi ili isife, na sauti ndiyo inayodhulumiwa kwanza. Nilipokivua kile kitambaa mama alinuna kwa muda mrefu. Tulipatana kwamba ivae ikiwa imezimwa tu.

Tangu hapo nikawa na zoea langu kabla ya kurekodi. Nazima modemu isitafute mtandao. Namzuia yule mlinzi wa virusi asianze kufagia nyumba wakati wageni wamekaa. Naangalia diski isije ikawa imejaa filamu za wajomba. Naiambia mashine isijibane umeme, kwa sababu ordinatere iliyo kwenye betri hupenda kusinzia sinzia ili kuitunza betri, na kila ikisinzia inaacha neno. Mambo haya yote mnayajua, au mngeyajua kama mngekuwa mnasoma badala ya kuniamsha. Yalinitosha kwa miaka mingi, mpaka siku alipokuja yaya Feza.

Yaya Feza ni mwimbaji wa upande wa Lusangi, huko Kabambare. Ni mkulima wa muhogo na karanga, mtu wa kanisani, na hakuna harusi wala matanga ya maana kule kwao ambayo hakuitwa. Tulijuana zamani, nilipokuwa nikifunga vyombo vyangu kwenye sanduku na kupanda pikipiki kwenda kurekodi harusi Kabambare, na barabara ile inaniangusha kwenye tope kila ikipata nafasi. Mimi nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ananizidi umri, naye aliniita mudogo wangu, ingawa mimi ni Mwislamu wa mjini na yeye ni Mubangubangu wa shambani.

Alifika kwangu majira ya mvua pamoja na binti yake Mwamini. Shingo yake ilikuwa imevimba upande mmoja. Daktari alikuwa amekwisha kumwona na kumpangia kupasuliwa hapa Kasongo wiki iliyofuata, na hakumficha: uvimbe utatoka, lakini sauti huenda isirudi. Yaya alinieleza hayo kwa utulivu, akiwa anapangusa matope miguuni, halafu akasema kilichomleta. Alitaka nimrekodie wimbo wa majina kabla ya kisu.

Wimbo huo ni wa ukoo wao, kwa Kibangubangu. Unawataja watu wa nyumba yao tangu yule wa kwanza aliyefyeka kile kilima mpaka mtoto aliyezaliwa juzi. Wanauimba harusini, bibi harusi ajue anaingia kwa nani, na wanauimba matangani, marehemu apokewe na wenzake. Na una sheria moja ngumu: haushonwi. Ukimruka mtu mmoja, huwezi kusema samahani na kumtia nyuma. Unarudi mwanzo. Kwa sababu aliyerukwa ana watoto na wajukuu, na wao watauliza ni nani aliyewafukuza nyumbani.

Yaya alikuwa ameupokea kwa shangazi yake. Baada yake ulikuwa uende kwa mwanawe wa kwanza, Paskali, na Paskali alikuwa Salamabila akichimba dhahabu. Alikwenda kijana, akasema atarudi baada ya mavuno, na mavuno yakapita mengi. Alikuwa akipiga simu siku akipata mtandao, anamwuliza mama hali, na mwishoni anasema nakuja, mama. Wimbo hakuwahi kujifunza.

Sasa simu. Nyumba yao yote ilikuwa na simu moja, na betri ya simu hiyo ilikuwa imevimba karibu kama shingo ya mwenyewe. Ukiichomoa kwenye umeme inakufa papo hapo. Yaya aliibeba mkononi kama yai, kwa sababu hofu yake kubwa haikuwa kisu. Ilikuwa kulazwa mezani kabla ya kuisikia sauti ya Paskali.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Mgeni akiingia unampa kiti, unampa maji, unapokea simu yake na kuitia moto, yaani kuichaji. Kwa mwenye pano za jua hilo halina mjadala. Ukimnyima mtu umeme ataondoka akisema umemnyima chakula. Siku hiyo prizi zote za konvertisa zilikuwa zimechukuliwa na simu za majirani, zimelala sakafuni kwa mstari kama samaki wanaokaushwa. Kwa hiyo nikachukua simu ya yaya nikaichomeka kwenye tundu la USB, ubavuni mwa ordinatere, jirani na kile kisanduku kinachopokea sauti ya mikro. Mkono ulifanya wenyewe. Nilikuwa tayari nawaza habari ya chai.

Yaya akaimba. Alikuwa bado na sauti ile ile inayoanzia chini kifuani, imechubuka kidogo, na mimi nikafurahi nikasema moyoni kazi hii itakwisha leo leo. Nikamvisha ekutere asikilize. Alikuwa akisogeza midomo pamoja na wimbo, kisha midomo ikasimama, akainua mkono.

"Mudogo wangu, bibi yangu iko wapi?"

Sikumwelewa. Nikarudisha nyuma. Akasikiliza tena, akavua ekutere na kuziweka magotini.

"Mangaza. Nilimuita. Mashine yako imemumeza."

Nikavaa mimi. Kweli, baada ya jina la kaka wa Mangaza linafuata jina la binti wa Mangaza, na Mangaza mwenyewe hayupo. Kwenye kioo mstari wa sauti ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Nikaomba radhi, tukaanza tena mwanzo. Safari hiyo Mangaza alikuwepo, akakosekana mwingine. Tukaanza tena, akakosekana mwingine. Yaya alikuwa akikohoa katikati, na kila tuliporudia tulikuwa tunaila ile ile sauti tuliyotaka kuihifadhi. Mwamini akanishika mkono na kuniomba tusimame, mama apumzike, warudi kesho.

Walipoondoka kwenda kwa ndugu zao waliowapokea mjini, niliishambulia ile mashine. Modemu ilikuwa imezimwa. Mlinzi wa virusi alikuwa amezuiwa. Nikafuta kila filamu. Nikaongeza akiba. Nikabadilisha waya wa mikro, nikabadilisha hata tundu la kisanduku. Halafu nikaweka saa ya mjomba mbele ya mikro, nikarekodi muda mrefu kuliko wimbo, nikasikiliza nikiwa nimefumba macho. Tik-tak zote zilikuwepo. Nikala kwa furaha.

Kesho yake yaya akarudi, nikapokea simu yake nikaichomeka, akaimba, na mashine ikameza watu wawili.

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikarudi, nikagusa kila waya kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni mwake kwa mara ya kumi. Sauti ya yaya sasa ilikuwa nzito, na siku ya kisu ilikuwa inakuja mbio. Mwamini akasema polepole, bila kunitazama: "Labda hawa wazee hawapendi kuwekwa mu mashine." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wazee wake hawana mkono katika waya zangu. Lakini niliona yaya anamtazama binti yake, anaitazama ordinatere, na kutazama kwake kulinichoma kuliko maneno ya Mwamini. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Saa inarekodiwa nzima, mtu anarekodiwa nusu nusu, utasemaje?

Basi nikajiuliza swali ambalo nataka mlichukue nyinyi, hata kama mtasahau mengine yote. Kuna kitu gani kilichopo hapa tatizo likiwepo, na ambacho huondoka tatizo likiondoka? Yaya yupo. Mwamini yupo. Kikapu chao kipo. Nikamtoa Mwamini nje, akatoka akidhani bado nina hasira naye. Nikatoa kikapu. Nikamwomba yaya aseme tu, asiimbe, atutajie mazao ya shambani kwake, nami nikawa nazunguka. Na katika kuzunguka huko nikaiona simu. Iliwaka yenyewe. Ikazimika. Ikawaka tena. Hakuna aliyepiga, hakuna aliyeigusa.

Ile betri iliyovimba ilikuwa inashika umeme na kuuachia, inashika na kuuachia. Na kila ilipowaka, ordinatere iliacha kazi kwenda mlangoni kuipokea: karibu, wewe ni nani, umebeba picha, umebeba nyimbo, nikufungulie? Halafu inarudi mbio kwa yaya na kushona palipobaki wazi. Kwa kawaida mashine ikipokea kitu hulia kidogo, lakini mlio ule nilikuwa nimekwisha kuuzima siku nyingi usije ukaingia kwenye kazi za watu. Kwa hiyo ilipokea wageni kimya kimya. Ilikuwa na adabu ile ile niliyokuwa nayo mimi, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa inawameza watu wa Lusangi mmoja mmoja.

Nikaweka saa. Simu ikiwemo, inapowaka, tik inapotea. Simu ikichomolewa, tik zote zipo. Nilicheka mpaka Mwamini akachungulia mlangoni.

Mnadhani yaliishia hapo. Nami nilidhani hivyo. Nikasema ni jambo dogo, simu iende kwenye konvertisa. Lakini mvua ilikuwa imeshinda siku nyingi, pano hazikuona jua, na betri kubwa ya nyumba ilikuwa imelegea. Konvertisa ikaanza kupiga kelele ile ya kuomba msamaha. Nikakusanya simu za majirani zote nikazirudisha nyumba kwa nyumba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Wengine walizipokea kwa vidole viwili. Jirani mmoja mpaka leo ananisalimia akitazama paa la nyumba yangu. Nikarudi, nikachomeka simu ya yaya peke yake, na konvertisa ikalia vile vile. Ordinatere yenyewe ilikuwa kuukuu, betri yake ya ndani imekufa, bila konvertisa haisimami. Umeme uliokuwepo ulitosha kitu kimoja.

Nikamwambia yaya wazi, ama simu ama wimbo. Mwamini akasema ataipeleka kule sokoni kwa mtu mwenye jenereta. Yaya akakataa, Paskali akipiga, nani atamjibu huko, mtu wasiyejuana naye? Mwamini akasema basi tungoje kidogo, moyo wake unamwambia kaka atapiga leo. Nikaenda dirishani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mji halina haraka. Nikarudi. Yaya alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, waya bado umening'inia, na alikuwa akiitazama tu.

"Chomoa," akaniambia. "Paskali akipiga na asinipate, atapiga tena. Mimi sitaimba tena."

Nikachomoa. Kioo kikawa cheusi. Akaifunga simu kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo, akanywa maji ya vuguvugu, akainua kichwa.

Niliishika meza kwa mikono yote miwili nisije nikatembea, maana sakafu yangu inalia. Aliimba kutoka yule aliyefyeka kilima, akashuka nyumba kwa nyumba, akampita Mangaza, akawapita watoto wa Mangaza. Alipofika kwa Paskali sauti ilipasuka, na huko si kukatika, vijana, huko msiguse kamwe na programu zenu za kusafisha. Akaendelea mpaka mtoto wa mwisho wa Mwamini, akanyamaza. Tukasikiliza. Alikuwa akikunja kidole kwa kila jina, na vidole vilipokwisha alivianza upya, na hakuinua mkono hata mara moja. Hakukosekana mtu. Mwamini alilia kwa sauti, na mimi nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Walimpasua kama ilivyopangwa. Uvimbe ulitoka, na daktari alikuwa amesema kweli: ilibaki pumzi tu. Anafungua mdomo, midomo inatembea, kinachotoka ni upepo. Katika siku zile za uji na dawa na kumgeuza kitandani, hakuna aliyekumbuka simu. Ilikuwa chini ya kikapu, bado ndani ya fundo, imekufa.

Alipopata nguvu ya kutembea aliletwa kwangu kusikiliza. Jua lilikuwa limetoka, betri imeshiba, nami nikasema leo tusikilize kama watu. Nikatoa spika kubwa nikaiweka kizingitini. Wanawake wa mtaani wakaja na mikeka yao, hata wale wa vidole viwili, wakakaa uani, na yaya akakaa nyuma yao ameegemea ukuta. Wimbo ukaanza.

Wimbo ulikuwa katikati pikipiki iliposimama nje. Aliyeshuka alikuwa mwanaume mwenye tope mpaka kiunoni, mimi simjui. Alikuwa Paskali. Habari zake tulizipata baadaye: alikuwa amepiga simu kutoka Salamabila ikamwambia haipatikani, akapiga kesho yake, na kesho yake, na ile simu ambayo haikuwahi kukosekana hewani siku nyingi mfululizo ikabaki imezimwa. Hofu ikamshika. Aliacha shimo lake na sepeto lake, akaenda Lusangi akakuta mlango umefungwa, akaambiwa mama yake amepelekwa Kasongo kupasuliwa. Akaja, na sauti ya mama yake aliyoisikia barabarani ndiyo iliyomsimamisha kwangu.

Na sasa fikirini aliyoyaona. Ua umejaa wanawake juu ya mikeka. Wote kimya. Na sauti ya mama yake inatoka kwenye spika ikiita majina. Kwetu hapa hayo yana maana moja tu: matanga. Yule mtu mzima alianguka magoti pale pale kwenye tope, akaweka mikono kichwani. "Mama, nilisema nakuja," alikuwa akisema. "Nilisema nakuja."

Yaya alimwona. Nilimwona akifungua mdomo, na upepo ukatoka. Akajaribu tena. Akapunga mkono, lakini mwanawe alikuwa ameinamisha uso, na spika ilikuwa inaendelea na majina kwa sauti ile nzuri ambayo mwenyewe hakuwa nayo tena. Akasimama kwa kushika ukuta. Akapita katikati ya wanawake, akiwakanyagia mikeka, akafika kizingitini, akaushika waya wa spika na kuuchomoa.

Katikati ya majina. Yeye, aliyenirudisha mwanzo kwa ajili ya mtu mmoja.

Ndipo akapiga makofi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango wa kugonga. Paskali akainua kichwa.

Walivyoshikana sitawasimulia, sina maneno yake na wala sikuona vizuri. Nitawaambia tu kwamba alipokwisha kunawa tope na kupewa kiti na maji, Paskali aliingiza mkono mfukoni, akanikabidhi simu yake kwa heshima zote na kusema mama, unisaidie na moto kidogo. Yaya Feza akacheka bila sauti mpaka akashika shingo yake. Niliipokea. Ningefanyaje? Niliipeleka chumba cha nyuma, mbali na ordinatere.

Niliporudi nikashika waya wa spika ili niuchomeke tuanze tena, maana wimbo ulikuwa umekatika na sheria tunaijua. Yaya akaniondoa mkono. Akamwonyesha Paskali mkeka, hapo kando yake, akampiga piga kifuani kwa kidole. Paskali akatutazama sote kwa aibu, akasafisha koo, akalitaja jina la yule aliyefyeka kilima. Akataja la pili. Kumbe alikuwa na mengi kichwani kuliko tulivyodhani, ya kusikia sikia utotoni. Akaenda hivyo kwa sauti ndogo, anajikwaa, anaendelea, mpaka akafika kwa kaka wa Mangaza, na baada yake akamtaja moja kwa moja binti wa Mangaza.

Mama yake akamgonga goti kwa kifundo cha kidole. Paskali akarudi mwanzo. Nami nikavuta kigoda nikakaa.